Safu ya Uendako

Daftari la gesti yangu lina safu saba.
Serikali ndiyo iliyozipanga, si mimi:
jina, umri, kabila, kazi,
utokako, uendako, sahihi.
Kalamu nimeifunga kwa uzi wa nyavu
maana wageni wa Kibirizi huondoka nazo.

Juzi amepiga simu Kileo wa Moshi,
yule aliyelipia vyumba viwili na boti ya Gombe.
"Samahani dada Mwavita, tumeahirisha.
Mke wangu kaona ramani kwenye simu,
ng'ambo yenu yote imepakwa nyekundu,
na rangi imevuja kidogo hadi kwenu."

Nikatoka barazani kuitafuta hiyo nyekundu.
Nikaona chikichi juu ya turubai la jirani
na kanga yangu kwenye kamba.
Basi.

Sikumlaumu. Ana watoto.
Hata mimi usiku ule ziwa liliponguruma
nililala nikihesabu, nikingoja mvua ifuate.
Haikufuata.
Nikajiambia ni radi kavu, nikajifunika kichwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulifundishwa hivyo.
Na mgeni akibaki kwao na dawa yake mfukoni?
Mpishi wangu nimempunguzia siku.
Msamehe wa boti anavua dagaa,
ile boti ya watalii, yenye viti vya mto,
sasa inanuka kama boti.

Jumanne wakashuka watu kumi na mmoja,
godoro moja, cherehani moja isiyo na meza.
Mama Wabiwa wa Baraka akaishika kalamu.
Jina. Umri. Kabila akaliruka.
Kazi: mshonaji.
Utokako aliandika kwa herufi za kuchonga,
kama anayeandika bango la duka.
Kwenye uendako mkono ukasimama
hadi wino ukaacha nukta.
"Andika hapa hapa Kigoma," nikamwambia.
"Hapa siendi," akasema. "Hapa nimekomea."

Nikawapa vyumba vya Kileo.

Sasa kulikuwa na kijana, namba sita,
mzungu wa ndevu, begi lefu kuliko yeye.
Anataka kuvuka kwenda huko huko.
Hofu ni biashara ya magazeti, alisema,
anataka kuwaona watu wenyewe.
Tiketi ya kurudi unayo?
Akajipiga mfukoni, akacheka.

Mama Wabiwa alikuwa anashona pazia langu.
"Mwambie asiende," akasema bila kuinua macho.
"Akifika atapewa kitanda.
Mwenye kitanda atalala nje.
Mimi nimewahi kulala nje hivyo,
na asubuhi nikamkaangia yai."

Nikamtafsiria, sehemu.

Kisha akakata uzi kwa meno:
"Lakini mwambie pia asiende kuandika kwao
kwamba kule hakuna kitu.
Kuna soko. Kuna mlango wangu, wa bluu,
bawaba ya chini imelegea,
ukiusukuma unyanyue kidogo."

Hilo sikuweza kulitafsiri.
Jina langu mwenyewe lina vita ndani yake;
nilirithishwa na bibi aliyevuka kutoka Umanyema,
na yeye hakuna aliyemwambia ahirisha.

Kijana alikaa siku tatu akiangalia maji,
akapanda treni.
Sijui kama alikuwa na busara au alichoka tu.

Kileo nimemwandikia: pesa yako sirudishi,
imelaza watu.
Kimya siku mbili. Halafu:
Waache walale.
Halafu, usiku sana: Wangapi ni watoto?

Leo amekuja afisa kukagua daftari.
Kidole kikashuka safu kwa safu
kikasimama kwa Mama Wabiwa.
"Hii nukta ni wapi?"
Chumbani cherehani ikaacha kulia.
Afisa akanitazama, akatazama pazia jipya,
akalamba kidole,
akafunua ukurasa.